Ndoo ya Saimi Kwenye Masanduku ya Barua

Kabla ya korona, Sirkka Tolvanen alijulikana hapa Kuusiranta, mji wetu mdogo wa huku kaskazini, kwa birika lake. Lilikuwa birika kubwa la bati, mpini umezungushiwa kamba ya kiatu kwa sababu ule wa asili ulishavunjika zamani, na kila jioni ya shule lilichemka kwenye nyumba ya vijana, jengo ambalo wakati fulani lilikuwa benki. Vijana wakija kucheza pool na kuilaumu dunia, Sirkka anawamiminia chai, anawachomea mikate ya jibini, anawatukana kidogo, nao wanamtukana kidogo.

"Bibi, chai yako ina ladha ya soksi."

"Ndiyo. Ni zako, ulizisahau hapa juzi."

Kazi yake ilikuwa hiyo, karibu miaka thelathini.

Machi ile, halmashauri ilipobandika karatasi ya kufunga mlangoni, Sirkka alilibeba birika akaja nalo nyumbani. Nilimwona akishuka nalo garini, amelikumbatia kama mtu anayetoka hospitali na mtoto. Tunakaa jengo moja, yeye chini, mimi ghorofa iliyo juu yake, na dirisha la jikoni kwake liko juu kidogo ya pale ambapo mama wote wa jengo tunaegesha vigari vya watoto. Watoto wetu hulala nje mchana hata kukiwa na barafu, wamefunikwa mpaka puani. Kwa hiyo mimi nilikuwa pale kila siku nikimchungulia Helka wangu, wakati huo ana miezi saba, na Sirkka alikuwa pale nyuma ya kioo, na miaka yote hiyo hatukuwahi kusalimiana zaidi ya kutikisa kichwa. Ndivyo tulivyo. Ukisikia jirani yuko kwenye ngazi, unasubiri nyuma ya mlango wako mpaka apite. Si chuki. Ni kumstahi mtu.

Siku moja dirisha likafunguka.

"Mama Helka, unazijua hizi kompyuta?"

"Kidogo. Kama simu tu."

"Basi nipigie, nijue kama ninasikika. Tangu asubuhi naongea na hii mashine, inanitazama tu kama mkwe."

Halmashauri ilikuwa imesema mikutano ya vijana iendelee mtandaoni, kila Alhamisi. Sirkka alibakiza muda mfupi tu astaafu, na hakuwahi kuongea na mtu kupitia skrini maishani mwake. Alijifunza. Mara anasahau kufungua sauti, anaongea weee, sisi tunaona mdomo tu. Mara kamera inaonyesha paji la uso na taa ya darini. Aliniomba nibaki kwenye mkutano ule wa kwanza ili nimwambie kama kuna kitu kimeharibika.

Hakuna kilichoharibika. Vijana walikuja, visanduku vyeusi vimejipanga, kila kimoja na jina chini yake, hakuna aliyewasha kamera.

"Haya, nani ana habari?" Sirkka akauliza.

Kimya.

"Hata mbaya?"

Kimya. Kule kwenye nyumba ya vijana hata wakinyamaza unamsikia mtu anatafuna, mwingine anavuta kamasi. Hapa ilikuwa kama kuongea na ukuta wa kaburi. Alijaribu chemshabongo, alijaribu kuwasomea kichekesho, jasho likamtoka. Na mimi nilikuwa nimesahau kwamba kamera yangu iko wazi. Nilikuwa namlisha Helka karoti, naye akaitema yote ikanitua shingoni.

Maandishi yakaanza kupanda pembeni ya skrini.

"Huyo mtoto ametema TENA?"

"Mwacheni, hata mimi ningetema."

Alhamisi iliyofuata, kabla Sirkka hajasalimia, wameshaandika: Helka yuko wapi? Kijana mmoja, Nuutti, mwenye mdomo kuliko wote, akawasha kamera yake akala kopo zima la uji wa watoto ili Helka amwone na yeye ale. Vijana wakacheka mpaka kamera nyingine zikawaka. Ndivyo mikutano ya Sirkka ilivyopata uhai. Alinishukuru dirishani, kwa mkate wa mdalasini aliouoka mwenyewe, akauweka juu ya kigari cha mtoto na kurudi nyuma kabla sijasogea.

Kisanduku kimoja hakikuwaka kamwe. Kilikuwa cha Saimi.

Saimi alikuwa na miaka kumi na tano. Wakati wa birika alikuwa yule ambaye huosha vikombe bila kuambiwa, na wa mwisho kutoka, akipanda baiskeli yake kurudi kando ya ziwa alikokaa na mama yake peke yao. Mtandaoni pia aliingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Haongei, anaandika tu. "Helka amekula?" "Jino limetoka?" Basi.

"Hawa wengine wakipotea nitawapigia wazazi wao," Sirkka aliniambia. "Saimi akipotea sina wa kumpigia. Mama yake hapokei simu. Nikimkosa Alhamisi, nimemkosa kabisa."

Hicho ndicho alichokitaka msimu ule, na hakuficha: Saimi asipotee.

Aprili Sirkka akaja na mpango wa viazi. Alisema vijana wamechoka kutazama sura za wenzao, wapewe kitu cha kutazama. Kila mmoja apate ndoo, udongo na kiazi kimoja cha mbegu, aoteshe dirishani kwake, atuonyeshe kila wiki, na sikukuu ya Juhannus, katikati ya kiangazi, tuchimbe tule pamoja, kila mtu mbele ya skrini yake. Huku kwetu siku hiyo lazima viazi vipya viwe mezani. Asiyekuwa navyo hujiona kama hakualikwa.

Nilimsindikiza kuzigawa, Helka amelala kiti cha nyuma. Anaweka ndoo mlangoni, anabonyeza kengele, anarudi mpaka kwenye gari. Nuutti alitokea na bukta kwenye theluji.

"Bibi, hii ndoo si uliyokuwa unapigia deki?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ndiyo maana imekuja kwako."

Ya Saimi ilikuwa ya mwisho. Njiani simu ikalia, ujumbe. Sirkka akasimamisha gari, akavaa miwani, akanisomea: "Usije nyumbani. Weka kwenye masanduku ya barua. Niahidi." Akajibu pale pale kwa kidole kimoja: "Naahidi."

Masanduku ya barua yako barabarani, yamepangwa kwenye ubao pale njia ya udongo inapoingia msituni. Nyumba haionekani, ni misonobari tu. Sirkka aliiweka ndoo chini ya sanduku lao, akaifunika gazeti isipigwe na baridi, kisha akasimama anaitazama ile njia. Aliporudi garini hakuwasha injini.

"Nilipokuwa mdogo walikuja kwetu," akasema. "Wanawake wawili wa halmashauri, na mabuti yao. Hawakubisha. Wakamkuta baba sakafuni jikoni, chupa iko hapa, yeye yuko pale. Walikuwa wema, usidhani. Lakini walipoondoka, mama akapigilia mablanketi madirishani. Ilipita miaka kabla sijamwalika mtu nyumbani, na mama hakualika tena mpaka anakufa." Akawasha gari. "Mlango wa mtu ni mlango wa mtu."

Na mimi nimelelewa hivyo hivyo.

Mei theluji ikaisha, mwanga ukaja ule wa kwetu ambao hauna adabu, hata usiku unaingia mpaka chini ya kope. Shule zilifunguliwa kidogo kabla ya likizo. Saimi hakwenda. Aliandika kwamba anakohoa, na mwaka ule ukisema unakohoa hakuna anayekuuliza la pili.

Viazi vikaota. Kila Alhamisi kamera zinageuzwa kwenye ndoo. Cha Nuutti kilikuwa kichaka kinene, cheusi kwa ukijani, amekipa jina la mwalimu wa hesabu. Msichana mmoja kiazi chake kililiwa na sungura barazani, wakamfanyia mazishi mtandaoni, Nuutti ndiye mchungaji. Kisha Sirkka akasema, "Saimi, na wewe? Ndoo tu. Wewe mwenyewe si lazima."

Kisanduku cheusi kikawaka kwa mara ya kwanza. Tuliona ndoo, kwa mwanga wa tochi ya simu. Mashina yalikuwa yamerefuka kama kamba, meupe, hayana jani la maana, yameinamia upande mmoja.

"Saimi!" Nuutti akapiga kelele. "Umepanda tambi?"

Wote wakacheka. Na mimi nilitabasamu, sikatai. Kamera ya Saimi ikazimwa. Akaandika: "Ndiyo. Na nyama ya kusaga."

Wakacheka zaidi, maana lilikuwa jibu zuri. Sirkka peke yake hakucheka. Nilimwona kwenye kile kidirisha chake kidogo, mkono uko mdomoni.

Jioni akanifungulia dirisha.

"Umeona?"

"Nimeona. Hakuna mwanga mle ndani."

"Na nje kunawaka kutwa nzima. Ameweka mablanketi. Au mama yake ameweka." Alikuwa anaukuna ukingo wa dirisha kwa kucha. "Sheria inanitaka nipige simu ustawi wa jamii."

"Basi piga."

"Wakienda na mabuti yao, atajua ni mimi. Hakuna mwingine aliyeielewa hiyo ndoo. Alhamisi hatakuja tena. Halafu nani atamwona?"

"Nenda wewe, basi. Bila mabuti."

"Nimemwahidi, mama Helka. Yule mtoto hajawahi kuniomba kitu kingine."

Akajaribu njia ya katikati. Alimwandikia Saimi kwamba kiazi kinataka jua, akitoe nje hata kwa saa moja. Saimi akajibu kuna baridi. Ilikuwa Juni, Helka anatambaa kwenye nyasi bila soksi. Sirkka akamwomba wakutane kwenye masanduku ya barua, asogee yeye, si mlangoni. Saimi akaandika: "Nitaitoa Juhannus. Kweli."

"Amesema kweli," Sirkka akaniambia, kama mtu aliyeshikilia kitu cha kuteleza. "Tumfikishe Juhannus. Siku hiyo nitaongea naye."

Siku ya Juhannus mji ulikuwa mtupu, watu wamekwenda kwenye vibanda vyao vya ziwani, lakini vijana walikuja mtandaoni karibu wote, wengine wameketi kwenye gati miguu majini. Tulikula mchana. Sirkka alikuwa ametandika meza kwa kitambaa cheupe, samaki wa chumvi, siagi, na sahani mbili. Ya pili aliiweka mkabala na yake, karibu na skrini. Hakuna aliyemuuliza ya nani.

Saimi alikuwepo. Kisanduku chake cheusi, jina chini.

Nuutti alipata viazi vitatu vidogo kama goroli. "Tazameni mavuno! Nitalisha kijiji!" Akavichemsha mbele yetu, akavikata vipande, akavigawa kwa majina, na Helka akapewa kipande chake cha kufikirika akakifungulia mdomo kabisa. Tulicheka sana siku ile.

"Saimi, umechimba?" Sirkka aliuliza mara ya kwanza, na ya pili. Hakuna jibu. Hakutaka kumsukuma mbele ya wenzake.

Watu wakaanza kuaga. Visanduku vikazimika kimoja kimoja mpaka tukabaki mimi na Helka, Sirkka, na kile cheusi.

"Saimi, tumebaki sisi tu," Sirkka akasema taratibu. "Huna haja ya kusema kitu."

Ikasikika sauti ikifunguliwa. Pumzi. Nzi.

"Ndoo nimeitoa," Saimi akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia.

"Umefanya vizuri sana. Uko wapi sasa?"

"Niko na mama." Kisha, "Mama amekuwa baridi."

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Sirkka alishakuwa kwenye gari, simu sikioni anaita gari la wagonjwa, nami nikaingia na Helka mapajani, jambo ambalo mama mwenye akili hafanyi. Kwenye masanduku ya barua ile ndoo ilikuwepo, chini ya sanduku lao, na mashina yale meupe yamelala juu ya udongo, jua limeshayaunguza. Udongo ulikuwa umetoka kumwagiliwa.

Na pale Sirkka akafunga breki.

Si kwa kutaka. Mguu tu ulizoea kwamba safari inaishia pale. Alikaa mikono kwenye usukani, anaitazama ile njia ya msituni. Kisha akaingiza gia.

Nyumba ilikuwa ya mbao, nyekundu, nzuri hata, ina bembea uani. Madirisha yote yamezibwa na mablanketi kwa ndani. Nilibaki garini na Helka, kioo kimeshuka, ndiyo maana niliyasikia yote. Sirkka alibisha. Alibisha, hata kwenye mlango ule, akarudi chini ya ngazi akasubiri. Saimi akafungua. Sikuwa nimemwona sura tangu Machi. Alikuwa mweupe kama yale mashina, nywele zimekatwa na mkasi wa jikoni, simu iko mkononi.

"Ulisema hutakuja," akasema.

"Nilisema."

"Niliwasikia mkila."

"Saimi..."

"Kila gari lililopita barabarani nilisema ni wewe. Mama alipoacha kuamka nikasema leo atakuja. Nikasema ameiona ndoo, atakuja tu." Hakuwa analia. Alikuwa anauliza, kama mtoto anayeuliza hesabu. "Kwa nini ulinisikiliza?"

Sirkka alipanda ngazi, akamshika mabega, na Saimi akasimama tu akashikwa, mikono chini.

Mama yake alikuwa amekwisha kwa pombe na ini, na kwa kukataa daktari. Walisema hata angepelekwa Mei huenda asingepona. Huenda. Neno hilo halikumsaidia mtu. Saimi alichukuliwa na mama yake mdogo kule Lahti, mbali, safari ya kutwa kwenda na kurudi.

Mji wetu hauna maneno mengi lakini yaliyopo yalisemwa. Nikiwa dukani kwenye friji ya maziwa niliwasikia wawili.

"Msimu mzima alikuwa anamwona kwenye kompyuta!"

"Alikuwa anaona ndoo, bwana. Ndoo."

Halmashauri ilimwita Sirkka, akaeleza yote bila kujitetea, wakampa onyo, akalipokea. Nuutti alikuja chini ya dirisha lake, mimi nikiwa pale na kigari. Alisimama amevaa kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mimi ndiye niliyesema tambi," akasema.

"Ulisema ulichokiona," Sirkka akamjibu. "Mimi nilielewa, nikanyamaza. Nenda nyumbani, mwanangu." Hakuwahi kumwita kijana yeyote hivyo.

Agosti nyumba ya vijana ikafunguliwa, birika likarudi. Lakini Alhamisi Sirkka aliendelea kuwasha kompyuta jikoni kwake, mimi na Helka tukiwasha yetu juu, kwa ajili ya yeyote aliye mbali. Hakuja mtu. Tuliongea sisi kwa sisi kupitia skrini, na kati yetu ni sakafu tu. Kisha Novemba, giza limeshashika nchi, kisanduku cheusi kikatokea. Saimi. Hakuandika kitu. Sirkka naye hakumuuliza kitu, alimwonyesha Helka anavyosimama kwa kushika kiti. Mwisho wa saa kisanduku kikaondoka.

Jumamosi hiyo Sirkka aliendesha gari mpaka Lahti. Alirudi usiku, asubuhi yake nikamkuta anapangusa kioo cha dirisha kilichokuwa safi.

"Alifungua?"

"Hapana. Nilibisha, nikasema jina langu. Nikamsikia anakuja mpaka nyuma ya mlango. Akasimama. Na mimi nikasimama."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia Nuutti anaosha vikombe siku hizi, anavivunja. Sikuwa na la zaidi. Nikakaa kwenye ngazi mpaka majirani wakaanza kuchungulia." Akakunja kitambaa. "Ile ndoo yake niliiacha mlangoni. Nimeweka udongo mpya."

Alhamisi Saimi akatokea tena, cheusi, kimya. Birika lilikuwa nyumbani siku hiyo, nyumba ya vijana ilikuwa imefungwa kwa wiki moja kwa sababu ya ugonjwa, na nilikuwa nalisikia likianza kuchemka nyuma ya Sirkka. Pembeni ya skrini maneno mawili yakapanda.

"Usije tena."

Sirkka akavaa miwani, akayasoma. Akaisogelea kamera mpaka tukaona paji la uso tu, kama siku zile za mwanzo.

"Hilo," akasema, "siahidi."

Kisanduku kilibaki pale. Birika likaanza kupiga kelele, na hakuna aliyeinuka kulizima.